Runinga bapa: soma kasha kabla ya kupakia mzigo

Runinga bapa ni miongoni mwa bidhaa za elektroniki zinazovuka mipaka yetu kila siku. Nyingi hutoka viwandani China, hupitia Dubai au huja moja kwa moja bandari za Dar es Salaam na Mombasa, kisha hupanda malori kuelekea Kigali, Bujumbura, Kampala, Lubumbashi na Lilongwe. Nyingine hununuliwa Kariakoo, au Luthuli Avenue jijini Nairobi, na kuvushwa mbili tatu kwa basi.

Bidhaa hii si kama nguo au mabati. Shati likivuka mpaka bado ni shati. Runinga inaweza kuvuka ikiwa nzima, ushuru umelipwa, na bado isiuzike upande wa pili kwa sababu haishiki chaneli za nchi ile, au haikubali umeme wake, au mteja amegundua kuwa 4K iliyoandikwa kwenye kasha haimo ndani. Tena inaweza kupasuka ndani ya kasha lisilo na hata mkwaruzo, mwenye mzigo na mwenye gari wakabaki wakibishana nani alipe.

Hasara nyingi za aina hii huzuilika kabla mzigo haujapakiwa, kwa kusoma maandishi ya kasha na kuwasha runinga mbele ya muuzaji. Makala haya yanaeleza sifa moja baada ya nyingine na maana yake kwa mfanyabiashara na msafirishaji.

Inchi na umbo la kioo

Runinga za zamani, zile za chogo, zilikuwa na kioo cha uwiano wa 4:3, karibu mraba. Runinga bapa za leo zina kioo kipana cha 16:9, yaani kwa kila sehemu 16 za upana kuna sehemu 9 za kimo. Ndiyo maana kipindi cha zamani kilichorekodiwa kwa 4:3 huonekana na mistari myeusi pembeni, au watu huonekana wanene kama mtazamaji amevuta picha ijaze kioo. Huo si ubovu wa runinga. Mweleze mteja namna ya kubadili umbo la picha kwa rimoti ili asirudishe mzigo bure.

Inchi hupimwa kutoka pembe moja ya kioo hadi pembe ya mkabala, bila fremu. Inchi moja ni sentimita 2.54. Vipimo vya kioo chenyewe ni hivi:

- Inchi 32: upana sentimita 71, kimo sentimita 40, pembe hadi pembe sentimita 81
- Inchi 43: upana sentimita 95, kimo sentimita 54, pembe hadi pembe sentimita 109
- Inchi 55: upana sentimita 122, kimo sentimita 68, pembe hadi pembe sentimita 140
- Inchi 65: upana sentimita 144, kimo sentimita 81, pembe hadi pembe sentimita 165

Beba futi kamba unapokwenda kununua. Tofauti ya nusu inchi ni ya kawaida, lakini kasha likisema 43 na kioo kinachowaka kikapima sentimita 100, hiyo ni inchi 39 na bei yake inapaswa kuwa ya inchi 39.

Kwa msafirishaji, idadi ya inchi ina maana nyingine. Kioo cha inchi 65 kina urefu wa mara mbili ya kile cha inchi 32, lakini eneo lake ni zaidi ya mara nne. Kasha lake hudai nafasi kubwa na watu wawili wa kulibeba, ingawa halina uzito mkubwa. Kwa ndege hesabu hufanywa mara nyingi kwa ujazo: urefu, upana na kimo kwa sentimita huzidishwa, kisha hugawanywa kwa 6,000. Tuseme kasha lina sentimita 140 kwa 85 kwa 15 na uzito wa kilo 18 kwenye mizani. Hesabu ya ujazo inatoa karibu kilo 30, na hizo 30 ndizo utakazolipia. Ndiyo maana runinga kubwa huletwa kwa meli na lori.

Kioo cha aina gani

Maneno LED, QLED na OLED huchanganya wengi. LED na QLED zote ni vioo vya LCD vinavyomulikwa na taa kutoka nyuma. QLED huongezewa utando wa chembe ndogo sana zinazofanya rangi ziwe kali zaidi. OLED ni kitu kingine kabisa: kila nukta inawaka yenyewe, kwa hiyo weusi ni weusi kweli na kioo ni chembamba sana, lakini bei iko juu. Kioo cha OLED kinaweza kubaki na alama ya kudumu kama nembo ile ile itaonyeshwa sehemu moja kwa muda mrefu. Kwa baa au ofisi inayoonyesha chaneli moja kutwa, LCD ni chaguo salama zaidi.

Ukikutana na plasma, jua ni bidhaa ya zamani. Watengenezaji wakubwa waliziacha kati ya mwaka 2013 na 2014. Ni nzito, zinakula umeme, na vipuri ni shida kupatikana.

Katika masoko yetu kuna pia runinga zenye kioo cha ziada mbele, ambazo wauzaji huziita dabo glasi. Kioo hicho kinasaidia mtoto akigonga kwa mpira au rimoti. Hata hivyo kinaongeza uzito na kung'aa pale penye dirisha, na hakiondoi haja ya kubeba runinga kwa uangalifu, kwa sababu kioo cha ndani kinabaki chembamba vile vile.

HD, Full HD na 4K

Picha hujengwa kwa nukta. Runinga ya HD ya inchi 32 mara nyingi ina nukta 1366 kwa 768. Full HD ina 1920 kwa 1080. 4K ina 3840 kwa 2160, sawa na mara nne ya Full HD.

Hapa ndipo kasha huweza kusema kweli kwa namna inayopotosha. Baadhi ya runinga za bei nafuu huandikwa kuwa zinakubali au zinasoma 4K. Maana yake ni kwamba zinaweza kupokea filamu ya 4K na kuipunguza iingie katika kioo cha nukta chache. Unachotafuta ni idadi ya nukta za kioo chenyewe. Kama kwenye kasha au kijitabu hakuna namba 3840 x 2160 ikitajwa kuwa ya kioo, usilipe bei ya 4K.

Vilevile usimbebeshe mteja asichohitaji. Matangazo mengi ya kawaida yanayorushwa kwa antena hayako katika 4K. Mteja wa kijijini anayetaka habari na mpira kwa inchi 32 hataona faida yake. Mteja wa mjini mwenye intaneti ya kasi na inchi 55 ataiona.

Kipokezi cha matangazo: hapa ndipo wengi huumia

Nchi za dunia hazitumii mfumo mmoja wa kurusha matangazo ya dijitali. Nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zilizohama kutoka analojia zilichukua DVB-T2, na nchi nyingi za SADC, zikiwemo Zambia na Malawi, zilifanya hivyo pia. Botswana ilijitenga na kuchagua ISDB-T, mfumo wenye asili ya Japani. Marekani inatumia ATSC, na China ina mfumo wake uitwao DTMB.

Kuhama huku si jambo la jana. Tanzania ilianza kuzima mitambo ya analojia Dar es Salaam Desemba 31, 2012, na Kenya ikakamilisha kazi hiyo mwaka 2015. Runinga yenye kipokezi cha analojia peke yake leo haiwezi kupata chaneli za antena katika nchi hizo bila king'amuzi.

Kwa hiyo tafuta maandishi DVB-T2 kwenye kasha. DVB-T bila ile 2 haitoshi, kwani huo ni mfumo wa zamani na hausomi matangazo ya T2. Ukiona T2/S2, runinga inapokea antena ya kawaida na pia dishi kwa chaneli za bure za setilaiti. Wauzaji huita hii runinga yenye king'amuzi ndani. Usimwahidi mteja kwamba atapata chaneli za kulipia: hizo bado zinahitaji king'amuzi au kadi ya kampuni husika.

Tahadhari hii inawahusu zaidi wanaopokea mizigo kutoka kwa ndugu walioko Marekani. Runinga iliyonunuliwa kule kwa bei ya punguzo ina ATSC. Hapa itafanya kazi ya kuonyesha king'amuzi, flashi na intaneti tu, tena ikiwa umeme wetu hautaiua kwanza.

Umeme na plagi

Umeme wa majumbani katika nchi zetu ni volti 220 hadi 240, hezi 50. Marekani ni volti 120, hezi 60. Nyuma ya kila runinga kuna kibandiko kinachotaja volti. Kikisema 100-240V, runinga inakubali pande zote. Kikisema 110-120V, hiyo ukiichomeka hapa bila transfoma utasikia mlio na harufu, na hakuna mwenye duka atakayeirudisha.

Plagi nayo ina mpaka wake. Tanzania, Kenya na Uganda hutumia plagi ya pini tatu bapa ya Kiingereza. Rwanda, Burundi na Kongo hutumia pini za duara. Adapta ni bei ndogo, lakini duka la Goma au Bujumbura likipokea runinga 50 zenye plagi isiyoingia ukutani, muuzaji atakata bei. Muulize mnunuzi mapema, au agiza nyaya za aina mbili.

Kwa wateja wa sola, zipo runinga zinazokubali volti 12 moja kwa moja kutoka kwenye betri, pamoja na umeme wa kawaida. Inchi 32 ya LED ya kawaida hutumia wati 30 hadi 60. Angalia namba hiyo kwenye kibandiko, maana ndiyo itakayomwambia mteja betri yake itadumu saa ngapi usiku.

Matundu ya nyuma, sauti na intaneti

HDMI ndilo tundu la kuunganishia king'amuzi, deki au kompyuta. Matundu mawili ni kiwango cha chini cha kuridhisha, na matatu ni bora. HDMI 1.4 hupitisha 4K kwa picha 30 kwa sekunde, wakati HDMI 2.0 iliyotoka mwaka 2013 hupitisha picha 60. Tundu lenye maandishi ARC hutoa sauti kwenda kwenye spika ya nje kwa waya ule ule.

Jambo hilo la spika lina maana, kwa kuwa runinga nyembamba haina nafasi ya spika kubwa. Sauti ya runinga ya chogo mara nyingi ilikuwa nzito kuliko ya bapa. Mfanyabiashara anayeuza runinga pamoja na spika ndefu ya kuweka chini ya kioo anamtatulia mteja tatizo hilo mapema, na anapata faida ya pili.

Runinga janja, yaani smati TV, hazilingani. Zipo zenye Android au Google TV yenye idhini ya Google, Tizen ya Samsung, na webOS ya LG. Zipo pia zenye Android ya bure isiyo na idhini hiyo, ambazo huweza kukosa duka rasmi la programu au kukataliwa na baadhi ya huduma za filamu. Washa, unganisha na intaneti ya simu yako, na ufungue programu mbili tatu kabla ya kulipa. Kumbuka kwamba baadhi ya watengenezaji hutenga huduma na dhamana kwa kanda. Runinga iliyokusudiwa soko la nchi nyingine inaweza kukosa fundi wa dhamana kwako.

Kubeba: runinga hailazwi

Kioo cha LCD kina unene usiofika milimita moja. Kikisimama, uzito wake hubebwa na ukingo. Kikilala, katikati hakuna kinachokishika, na kila tuta la barabarani hukipinda. Ongeza gunia juu yake na kioo hakitafika Tunduma.

Kanuni za upakiaji ni chache. Kasha lisimame kama mishale inavyoonyesha. Namba iliyochorwa kwenye alama ya makasha yaliyopangana ndiyo idadi ya juu ya kupandisha, usiizidishe. Alama ya glasi ni ya kitu cha kuvunjika, na ya mwavuli ni ya kukinga mvua. Uso wa kasha moja utazame uso wa lingine, mgongo utazame mgongo, ili miguu na ncha za nyuma zisisukume kioo cha jirani. Kamba ifungwe kwenye pembe, isikaze katikati ya kasha. Mzigo usiachiwe nafasi ya kuyumba gari linapokata breki.

Runinga iliyotoka kwenye baridi ya nyanda za juu ikifika joto la pwani au la ziwani huweza kupata umande ndani. Iache saa chache kabla ya kuiwasha.

Nani hulipa kioo kikipasuka? Jibu hutegemea karatasi. Kioo ndiyo sehemu kubwa ya bei ya runinga, kwa hiyo kukibadili mara nyingi hakulipi. Bima za mizigo kwa kawaida hazilipi hasara iliyotokana na ufungaji hafifu, na nyingi hukataa hitilafu ya umeme au mtambo isiyo na dalili ya ajali nje ya kasha. Dereva anayetia saini kwamba amepokea runinga 40 nzima, bila kuona hata moja ikiwaka, amejibebesha deni. Njia ya haki kwa pande zote ni kufungua sampuli au zote mahali pa kupakia, kuziwasha, kupiga picha yenye namba ya runinga na kuandika katika hati ya mzigo. Kama haiwezekani, msafirishaji aandike kuwa amepokea makasha yaliyofungwa na hali ya ndani hakuiona. Upande wa pili, mpokeaji awashe kabla ya kutia saini, sio kesho yake.

Karatasi za mpakani

Runinga za rangi huingia katika namba ya forodha 8528.72. Ushuru wa pamoja wa Jumuiya ya Afrika Mashariki ulikuwa na ngazi tatu, asilimia 0, 10 na 25, na kuanzia Julai 2022 ikaongezwa ya asilimia 35. Viwango hurekebishwa kila mwaka wa fedha unaoanza Julai 1, kwa hiyo muulize wakala wa forodha kiwango cha siku hiyo kabla ya kupanga bei. Juu yake kuna VAT: asilimia 18 kwa bidhaa zinazoingizwa Tanzania Bara, Uganda na Rwanda, asilimia 16 Kenya na Zambia, pamoja na tozo nyingine zinazotofautiana nchi na nchi.

VAT hupigwa juu ya thamani ikiwa imeshajumlishwa na ushuru. Tuseme thamani ya mzigo hadi bandarini ni 100,000 na ushuru ni asilimia 25. Ushuru ni 25,000, na VAT ya asilimia 18 inapigwa kwenye 125,000, yaani 22,500. Jumla ni 47,500. Anayejumlisha 25 na 18 akapata 43 ameshapoteza 4,500 kabla ya kuuza.

Kosa lingine la kawaida ni kuhusu cheti rahisi cha uasili cha Jumuiya, kinachotumika kwa mizigo isiyozidi dola 2,000. Cheti hicho ni cha bidhaa zilizozalishwa ndani ya Jumuiya. Runinga iliyotengenezwa China haigeuki kuwa ya Kenya kwa kuwa imenunuliwa Nairobi. Kwa iliyounganishwa katika kiwanda cha hapa kwetu, dai uthibitisho wa uasili kutoka kwa muuzaji kabla ya kufika dirishani.

Kwa wanaoagiza kutoka nje, TBS, KEBS na UNBS hutaka cheti cha ukaguzi kilichotolewa nchi mzigo unakotoka. Mzigo usio nacho unaweza kukaa bandarini huku gharama za kuhifadhi zikipanda. Na anayechanganya runinga mbovu ndani ya mtumba ajue kwamba tangu Januari 1, 2025 Mkataba wa Basel unataka taka zote za elektroniki zivuke mpaka kwa ridhaa ya maandishi ya nchi inayopokea.

Kwa kifupi, kabla ya kulipa

1. Pima kioo kwa futi kamba, pembe hadi pembe.
2. Tafuta idadi ya nukta za kioo chenyewe.
3. Hakikisha DVB-T2, au mfumo wa nchi unakopeleka.
4. Soma volti kwenye kibandiko cha nyuma na angalia plagi.
5. Washa: tazama picha nyeupe yote na nyeusi yote ili kuona nukta mfu, ufa na madoa.
6. Jaribu kila HDMI, USB, rimoti na intaneti.
7. Linganisha namba ya runinga na ile ya kasha, kisha iandike kwenye ankara.
8. Kubaliana na msafirishaji kwa maandishi nani anabeba hasara, na wapi runinga itawashwa tena.

Kukagua runinga moja huchukua dakika kumi hivi. Anayenunua 40 atatumia siku nzima dukani, na wauzaji wengine watanuna. Siku hiyo ihesabu ndani ya gharama za safari kama unavyohesabu mafuta, kwa sababu ukishavuka mpaka, kumrudishia muuzaji runinga yenye kasoro ni safari nyingine, ushuru mwingine na nauli nyingine.